Fedha ya Shamba la Ugenini: Ni ya Nani?

Sifa njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Amma baad. Ndugu zetu Waislamu, miongoni mwa mambo ambayo watu huyaona mepesi, na hali ni mazito mbele ya Mola, ni jambo la mtu mwenye mali katika nchi ya mbali, akenda akaiuza, akaifunga fedha kibindoni, akarejea nayo kwake. Killa amwonaye humpongeza, na jirani zake husema, "Fulani amefanikiwa safari yake." Wachache ndio waulizao: fedha hii aliyokuja nayo, ni yake yote? Swali hilo ndilo tulilokusudia kulieleza katika kurasa hizi, kwa kadiri ya uwezo wetu.

Mfano wetu hatutautoa pwani. Tutautoa bara, katika nchi ya Kasulu na Kibondo, kwa kuwa huko jambo hili limewapata watu wengi, na haki za watu zimechanganyika kama nyuzi zilizoingiana. Atakayeweza kuzitatua haki za huko, zetu za huku hazitamshinda.

Kasulu na Kibondo ziko katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, nchi ya Waha, inayopakana na Burundi. Watu wa pwani waijua zaidi Ujiji, iliyokuwa mwisho wa njia ya misafara, na Kigoma, ambako reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika mwaka 1914. Lakini ukipanda kutoka ziwani ukaingia milimani, wakuta nchi ya baridi na ya mvua, na lugha ya Waha na ya Warundi zimekaribiana hatta watu wa pande mbili wasikizana bila ya mkalimani. Mpaka ni wa serikali. Ujirani ni wa tangu zamani.

Mwaka 1972, mwishoni mwa mwezi wa Aprili, palizuka uasi kusini ya Burundi, pande za Rumonge na Nyanza-Lac, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Jeshi la serikali likalipiza kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima, na wengi wa waliouawa walikuwa Wahutu. Waliookoka wakakimbia kwa maelfu. Tanzania ikawapa wengi makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na wengine wakakaa vijijini mkoani Kigoma pamoja na Waha. Wakimbizi wengine wakaja baada ya kuuawa Rais Melchior Ndadaye, mwezi wa Oktoba 1993, na hao wakawekwa katika kambi za Kasulu na Kibondo. Kambi ya Mtabila, iliyokuwa Kasulu, ilifungwa mwaka 2012. Kisha mwaka 2015 wakaja wengine tena, wakajaa Nyarugusu na Nduta na Mtendeli.

Na killa mara walipoondoka watu, nyuma yao ilibaki ardhi. Warundi huiita *itongo*, nayo ni ardhi ya ukoo, iliyolimwa na baba na babu, na yenye makaburi yao. Ardhi ya Rumonge na Nyanza-Lac ni ya rutuba, yafaa kwa michikichi, na mawese yana bei. Haikukaa wazi. Wengine waliingia kwa nguvu, wengine walipewa na serikali, wakaandikwa, wakaambiwa, "Limeni, hii ni yenu." Hao wa pili walikuwa maskini wasiokuwa na ardhi, na wengi wao hawakumuua mtu wala hawakumfukuza mtu. Walipanda michikichi, wakajenga, wakazaa, wakazikana.

Khalafu amani ikarejea. Mapatano ya Arusha ya mwezi wa Agosti 2000 yalisema kwamba wakimbizi warejeshewe mali zao, khasa ardhi, na isipowezekana walipwe fidia ya haki. Mwaka 2006 ikaundwa huko Burundi tume ya ardhi na mali nyinginezo. Mwanzo tume hiyo ilielekea kuwagawanya wenye kugombana, huyu nusu na huyu nusu. Baadaye, tangu mwaka 2011, ikaelekea kumrejeshea mwenyewe wa zamani ardhi yake yote, na pakawa na kelele nyingi. Na upande wa huku, mwaka 2010, Tanzania ilikubali kuwapa uraia zaidi ya watu 160,000 katika wale wa 1972 na wazao wao, na hati zikaanza kugawiwa mwaka 2014.

Basi, tumfikiri mtu mmoja Mwislamu. Wazee wake walikimbia Nyanza-Lac mwaka 1972. Yeye amezaliwa Kasulu, amesoma Kasulu, ameoa Kasulu, na sasa ni raia wa Tanzania. Baba yake amekufa, na shamba la baba liko ng'ambo ya mpaka. Akenda, akashitaki, akalipata. Amekuta humo michikichi iliyopandwa na mtu aliyepewa shamba lile na serikali zaidi ya miaka ishirini nyuma. Naye hataki kuhamia huko. Akauza shamba na michikichi yake kwa mnunuzi mmoja, akavuka mpaka na fedha, akarudi Kasulu kujenga nyumba. Je, ni halali yake?

Kwanza twasema: kuuza si dhambi. Wako wasemao kwamba mwenye kuuza ardhi ya baba yake ameuza mifupa ya baba yake, na kwamba laana itamwandama. Maneno haya hayana asili katika sheria. Ardhi ni mali kama mali nyingine. Mwenyewe akiwa na akili timamu na hiari yake, aweza kuiuza. Ikiwa ndani yake mna makaburi, na ayawekee mipaka na kuyatoa katika mauzo, kwani heshima ya maiti haiuzwi. Baada ya hapo, kuuza kwake ni halali. Wala hapana aibu kwa mtu kusema kwamba kwao sasa ni Kasulu. Mtume wetu mwenyewe aliihama Makka, nao ulikuwa mji aupendao, akafanya Madina ndiyo kwao.

Pili twasema: haki ya ardhi haifi kwa urefu wa miaka. Sheria ya Burundi yampa aliyekaa juu ya ardhi miaka mingi njia ya kuimiliki kwa sababu ya kukaa kwake. Lakini wanazuoni wetu wamesema kwamba dhulma haigeuki ikawa haki kwa kuzeeka. Baba aliyekimbia upanga hakuiacha ardhi yake kwa radhi, basi haikumtoka. Kwa hivyo mwana hakukosa kuidai, na asiyekubali haya na ajiulize angesema nini kama ingekuwa ni ya baba yake.

Hapo ndipo wengi wanapokomea. Husema, "Ardhi ni yangu, hukumu nimepata, mnunuzi amelipa, limebaki nini?" Limebaki jambo kubwa, nalo ni hili: ardhi ni yako, lakini michikichi si yako.

Nasi watu wa pwani tusingehitaji kufundishwa haya, kwani tumeyaishi. Unguja na Pemba na Mombasa, tangu zama za wazee wetu, mtu huwa na minazi yake katika ardhi ya mwingine, na mtu huwa na nyumba yake katika kiwanja cha mwingine, akalipa kodi ya kiwanja tu. Mwenye kiwanja akiuza kiwanja, hauzi nyumba. Mwenye ardhi akiuza ardhi, hauzi minazi ya mtu. Haya yajulikana kwa makadhi na kwa watoto.

Na madhehebu yetu ya Imam Shafii ndivyo yasemavyo hatta katika hali iliyo mbaya kuliko hii. Mtu akinyang'anya ardhi akapanda mti wake humo, amefanya dhulma. Mwenye ardhi aweza kumwamrisha aung'oe, na adai kodi ya muda wote na fidia ya uharibifu. Lakini mti hauwi mali ya mwenye ardhi kwa kuwa umeota kwake. Mti ni wa aliyeupanda. Ikiwa hivyo ndivyo kwa mnyang'anyi, je, kwa maskini aliyepewa na serikali akidhani amepewa halali? Huyu mwenye shamba aweza kumwambia, "Ng'oa mti wako." Aweza kumwambia, "Niuzie mti wako." Aweza kukubaliana naye wauze pamoja, wagawane thamani. Asichoweza ni kuuza mti usio wake, akala thamani yake, akavuka mpaka.

Labda atajibu kwa uchungu, "Baba yangu alifukuzwa, amekufa fukara katika nchi ya watu, na mtu huyu amekula mawese ya shamba letu miaka yote. Nani alitulipa sisi?" Jawabu hili lina uzito, wala si adabu kulipuuza. Kwa hakika anayo haki ya kodi ya ardhi yake kwa miaka ile, na aweza kuihesabu dhidi ya thamani ya michikichi. Huenda hesabu zikafutana. Huenda yeye ndiye akabaki akidai. Lakini hesabu hiyo yapasa ifanywe, na ifanywe mbele ya watu wawili waadilifu, naye mpandaji akiwapo akisema maneno yake. Kujihukumia mwenyewe usiku kucha kitandani, kisha asubuhi ukajipa ushindi, hiyo si hesabu. Na damu ya baba ni deni la waliomwaga damu. Halilipwi na mtu aliyekuja baadaye na jembe. Ukimtoza huyu deni la wale, umefanya lile ulilofanyiwa.

Na lililo bora kuliko yote haya ni sulhu. Mtu akipata haki yake kwa hukumu, humwacha nyuma adui. Akiipata kwa sulhu, huacha nyuma mtu atakayemwombea. Nchi ile imeona damu mara nyingi, na ardhi ni mojawapo ya sababu zake. Muislamu asiwe mwenye kuongeza kuni.

Haki ya tatu ni ya ndugu zake, khasa wanawake. Shamba lile halikuwa la mwana. Lilikuwa la baba, na baba amekufa. Tangu saa aliyokufa limekuwa la warithi wote, baada ya kutolewa madeni yake na wasia wake. Lakini mila za Burundi humpa mwana mwanamume itongo, na binti hupata kidogo au hapati kabisa, wala nchi ile haikutunga sheria ya mirathi ya kuibadili mila hiyo. Hapo mtu wetu hupata kisingizio. Akiwa Kasulu msikitini ni Mwislamu, husikia darasa la mirathi akatikisa kichwa. Akivuka mpaka huwa mtu wa mila, akatia saini peke yake. Walakini Mola anayeabudiwa Kasulu ndiye Mola wa Nyanza-Lac.

Natufanye hesabu ili jambo lionekane kwa macho. Tuseme baba ameacha mke mmoja, mwana mmoja mwanamume, na mabinti wawili. Gawa thamani ya ardhi mafungu 32. Mke ana thumuni, nayo ni mafungu 4. Yamebaki 28: mwana mwanamume ana 14, na killa binti ana 7. Basi yule aliyebeba fedha kibindoni, anayesifiwa kijiji kizima, hana hatta nusu yake. Na ikiwa nusu ya bei aliyolipwa ilikuwa ni thamani ya michikichi, basi katika killa shilingi 64 zilizovuka mpaka, zake mwenyewe ni 14 tu. 32 ni za mpandaji, na 18 ni za mama yake na dada zake. Nyumba atakayoijenga kwa 64, atalala katika chumba gani akijua kwamba hicho ndicho chake?

Tena, dada zake yapasa waulizwe kabla ya kuuza, si kupewa khabari baada yake. Kuuza fungu la mtu bila ya uwakala wake hakusihi kwa madhehebu yetu. Na mshirika akitaka kuuza fungu lake kwa mtu wa nje katika ardhi isiyogawanywa ambayo yagawanyika, mshirika mwenziwe ana haki ya shufaa, ailipe bei ile ile na kulichukua yeye. Huenda dada yuko Nyarugusu, hana fedha, wala hawezi kutoka kambini bila ya ruhusa. Hilo halimvui haki yake. Safari ya kumwendea kumtaka idhini si ndefu kama safari ya kwenda kuuza.

Haki ya nne ni ya mnunuzi. Muuzaji akijua kwamba kuna mtu mwingine anayedai, au shauri liko barazani halijakatwa, na akanyamaza, amemficha mnunuzi kasoro ya bidhaa. Na kasoro ya ardhi yenye ugomvi ni kubwa kuliko kasoro ya punda mwenye kilema, kwani punda hakuleti mapanga mlangoni. Na aseme yote. Atakayenunua baada ya kujua, na anunue.

Yamebaki mawili katika njia ya kuileta fedha. Faranga za Burundi si shilingi, na kubadili sarafu kwa sarafu kuna sharti lake: zipokelewe pande mbili katika kikao kimoja, mkono kwa mkono. Atakayetoa faranga Nyanza-Lac leo, akaahidiwa shilingi Kasulu baada ya wiki kwa bei waliyokatiana, ameingia katika riba ya kuakhirisha, hatta kama hapana aliyemdhulumu mwenziwe. Na abadili papo hapo, kisha azichukue au azitume. Kadhaalika, fungu lake likishamfikia, na likiwa limetimia nisabu, ambayo ni thamani ya gramu 85 za dhahabu, likakaa kwake mwaka mzima wa mwezi mwandamo, lina zaka. Na asiyekuwa raia wa Tanzania, ambaye hawezi kumiliki ardhi kwa njia za kawaida, akataka kununua Kasulu kwa jina la rafiki yake, na ajue kwamba anaweka roho yake mkononi mwa mtu. Akishurutishwa na hali, basi na waandike na kushuhudisha, kwani rafiki hufa, na watoto wa rafiki hawajui ahadi.

Neno moja tena, nalo ni la wanunuzi. Mtu aliye katika kambi ya Nduta, mwanawe mgonjwa, shamba lake liko Burundi, hujiwa na mtu akamwambia, "Niuzie kwa kiasi hiki." Kiasi hicho ni robo ya thamani. Huyu huuza, kwa kuwa njaa haina subira. Mkataba wake huenda ukasihi mbele ya kadhi, walakini mnunuzi amenunua dhiki ya mwenziwe. Mwenye khofu ya Mungu humpa thamani ya shamba, au humkopesha mpaka aweze kusimama. Fedha itokanayo na mauzo ya dhiki, katika kambi ambako mtu haruhusiwi kununua shamba jingine, huliwa yote kwa miezi michache, na mtu huyo akabaki hana hapa wala kule.

Ndugu zetu wa pwani, msidhani kwamba tumewasimulia ya Warundi ili mstarehe. Wangapi kwetu wana nyumba ya babu Mukalla au Maskati, na mmoja wao hupanda chombo au ndege akaiuza, akarudi akawapa dada zake kanga na halua? Wangapi walioko Oman wana madai ya mashamba ya mikarafuu Unguja na Pemba, yaliyotwaliwa baada ya Mapinduzi ya 1964, wakagawiwa watu eka tatu tatu, na wale waliogawiwa wamepanda, wamezeeka, wamekufa na kuacha wana? Hatusemi ni nani mwenye haki katika killa shamba. Hayo yataka mashahidi na hati na kadhi. Twasema tu kwamba mizani ni ile ile. Mwenye ardhi asile mti wa mtu, mwenye mti asile ardhi ya mtu, ndugu mwanamume asile fungu la ndugu mwanamke, na bahari au mpaka usiwe pazia la kujifichia.

Kwa hivyo, anayekusudia kwenda kuuza mali ya mbali na afanye haya kabla ya kufunga safari. Awaite warithi wote, na aliye mbali apelekewe mtu, waandike mafungu yao na uwakala wao. Akifika huko, amwendee aliye juu ya ardhi kabla ya kumwendea mnunuzi, wathamini ardhi mbali na miti mbali. Ayatoe makaburi. Amweleze mnunuzi ukweli. Apokee, abadili kwa sharti zake, na atoe haki ya mpandaji huko huko kabla ya kuvuka, kwani deni lililovuka mpaka ni zito kurudi. Akifika kwake, agawe siku ile ile, kabla fedha haijazoea mkono wake. Litakalobaki ni lake, nalo likiwa dogo ni dogo la halali, atalijengea chumba kimoja na atalala ndani yake bila ya mtu kumdai mlangoni wala kaburini.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kupeana haki zetu tungali hai, kabla ya siku ambayo malipo hayatakuwa kwa shilingi wala kwa faranga. Wabillahi tawfiq.